Picha Nane za Mpaka wa Mama

Tangu nirudi Nyanga, hapa Bukoba, sijanywa chai kwa amani. Kila apitaye uani kwangu ananiuliza, "Mwalimu, ilikuwaje huko Nshamba?" Nikianza kueleza anaingia mwingine, naanza upya, na hasira nayo inaanza upya. Kwa hiyo naandika mara moja. Someni, mpeane, mniache.

Kwa wasiojua chanzo: marehemu baba aliacha kibanja Nshamba, cha migomba na mibuni, na mama anaishi humo peke yake. Upande mmoja amepakana na mdogo wake baba, Ta Ishengoma. Hilo "Ta" ni la heshima, nami naliandika kwa sababu nimelelewa vizuri, si kwa sababu analistahili. Kati ya vibanja viwili hivyo kuna milamula minne, ile mimea mirefu yenye majani membamba ambayo kwetu hupandwa mpakani, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeigusa. Baba alipokuwa hai, Ta Ishengoma alipita hapo kila siku na hakusema neno. Tulipomzika baba ndipo akaanza kusema eti milamula ile ilijiotea tu, na mpaka wa kweli uko hatua ishirini ndani kwa mama, nyuma ya jiko lake. Hatua ishirini! Hiyo ni karibu nusu ya migomba inayomlisha mama yangu.

Mama akamwendea mkungu, mkuu wa kijiji. Mkungu akasema atakuja kuangalia, na kila upande ulete ushahidi. Wazee walioona milamula ikipandwa wamekwisha kufa. Mama akaniandikia kwa mkono wa mwinjilisti: "Njoo kabla hajaikata."

Nilikuwa na kamera kabatini, ya kukunjua, niliyoachiwa na mpima barabara mmoja aliyerudi kwao. Nikajiambia, nitaipiga picha ile milamula ingali imesimama, na akiikata picha itasema. Kasoro ilikuwa moja tu. Sikujua kamera ile inafunguliwa wapi.

Kwa Mzee Sefu, Bukoba mjini

Mzee Sefu ana chumba cha kupigia picha karibu na soko. Babu yake alitoka pwani, na yeye bado anazungumza kama aliyeshuka kwenye meli jana. Aliigeuza kamera yangu, akaipuliza vumbi, akaniambia, "Hii haina cha kukusaidia, mwalimu. Kila kitu utafanya mwenyewe. Mwanga utaupima wewe, umbali utaukadiria wewe, na ikiharibika lawama ni yako."

Nilidhani atanifundisha kwa filamu. Jumamosi tatu alinifundisha kwa kamera tupu! Alinisimamisha barazani kwake, akaniuliza namba za tundu la kupitishia mwanga mbele ya wapita njia wote.

"Jua hili, tundu ngapi?"

"Kumi na moja."

"Wingu limepita."

"Nane."

"Umeingia chini ya migomba."

"Kumi na sita."

Akanipiga kwenye kifundo cha mkono kwa rula. Nikamwambia kumi na sita ni nyingi kuliko nane, na gizani si tunataka mwanga mwingi? Akajibu kwamba kwenye kamera namba ikiwa kubwa tundu huwa dogo. Nikamuuliza ni nani aliyeamua upuuzi huo. Mimi nafundisha hesabu, na mtoto akiniletea hesabu ya namna hiyo namrudishia daftari. Mzee Sefu aliishusha rula. Alinitazama mkono.

"Una hasira," akasema.

"Sina."

"Unayo, imeshuka mkononi. Chini ya migomba kijilango hiki cha kuingiza mwanga kitakaa wazi sehemu ya ishirini na tano ya sekunde, na mkono ukitikisika muda huo, picha inakuwa ukungu mtupu. Vuta pumzi, izuie, bonyeza. Ukimaliza ndipo ukasirike."

Filamu yenyewe ilikuwa moja tu mji mzima. Mwenye duka aliniambia nyingine zitakuja na meli ijayo. Mzee Sefu aliipachika mwenyewe, akanionyesha kijidirisha chekundu nyuma ya kamera. Kila nikipiga nizungushe mpaka namba inayofuata itokeze hapo.

"Nane tu," akasema. "Umeshamaliza kuzigawa?"

"Nne za milamula, tatu za akiba."

"Na ya nane?"

Nikaanza kuhesabu upya kwa vidole. Akauliza, "Mama yako ana picha?" Nikamwambia hajapigwa picha hata siku moja. "Basi ya nane ni yake," akasema Mzee Sefu. "Usiiguse kwa lolote." Nikamwapia. Akaniambia pia nisitembee na kijilango kikiwa kimetegwa, maana kikiguswa kidogo kinapiga picha. Hilo nililisikia, nikaliacha palepale barazani.

Bukoba mpaka Kamachumu

Lori la mizigo lilitoka mjini alfajiri. Tulikaa juu ya magunia ya chumvi. Kulia kwangu alikuwa mama mmoja mnene aliyeitwa Ma Koku, anayerudi kwa mumewe Kamachumu, na kushoto muuza vitenge asiyenyamaza. Kamera ilikuwa mapajani kwangu ndani ya mfuko wake wa ngozi, nami nilikuwa nimekitega kijilango tangu nyumbani ili niwe tayari. Tayari kwa kitu gani, hata leo sijui.

Kabla ya Kyetema lori likasimama. Hapakuwa na pancha wala daraja bovu. Dereva alikuwa ameona senene, wale panzi wa kijani wanaokaangwa na kuliwa kwetu. Walikuwa wametua usiku ule kwenye nyasi, mbuga nzima imejaa kijani kinachotikisika, na dereva akazima injini bila hata kuomba radhi. Abiria wote waliruka chini na madebe, vikapu, khanga, kofia. Mimi niliiacha kamera juu ya magunia, nikashuka kumwendea dereva.

"Bwana, mimi nina kesi!"

"Na mimi nina senene," akanijibu, mikono yote miwili imejaa. "Kesi yako itakuwepo kesho. Hawa saa mbili wameshapaa."

Tulikaa pale mpaka jua likawa kali. Niliporudi kwenye lori nilikuta mfuko wangu wa ngozi umejaa senene mpaka kifuniko hakifungi. Ma Koku alikuwa ameukumbatia. Kamera ilikuwa mikononi mwa muuza vitenge, imekunjuliwa yote.

"Mwalimu, nisamehe," akasema Ma Koku. "Kikapu kimejaa, na mume wangu asipoonja senene wa kwanza hatasema nami wiki nzima. Mimi mwenyewe siwali, unajua kwa mila zetu wanawake hatuwagusi. Nimehangaika kwa ajili yake tu."

"Na wewe unafanya nini?" nikamuuliza yule mwanamume.

"Naifunga. Nadhani inafungwa hapa." Akabonyeza. Nikasikia ule mlio mdogo niliousubiri Jumamosi tatu. Picha ya kwanza ya maisha yangu ilikuwa imekwenda kwenye gunia la chumvi.

Nilizungusha mpaka namba mbili, nikakaa. Ma Koku alinifungulia ndizi alizozipika na maharage, zimefungwa kwenye jani, bado za moto. Sikuzungumza naye mpaka Kamachumu. Ndizi zake nilikula.

Kamachumu mpaka Muleba

Kamachumu dereva alikuta shemeji zake wamekamua lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, akatutangazia kwamba lori limechoka. Lori lilikuwa zima! Aliyetaka kuchoka alikuwa yeye. Nikateremka kwa miguu kuelekea Muleba, kamera shingoni, maana mfuko wake bado ulinuka senene.

Njiani nikaona bora nifanye mazoezi. Kila nikipita penye kivuli nilisimama, nikatazama juu, nikataja tundu. Nikipita penye jua nikataja jingine. Kisha nikachagua mgomba, nikakadiria umbali, nikaupima kwa hatua. Jioni, karibu na Muleba, nilikuwa ndani kidogo ya kibanja cha mtu nikisema kwa sauti, "Nane. Ishirini na tano. Hatua sita," ndipo mwanamume mwenye mundu akatokea kati ya mibuni.

"Unahesabu nini kwangu?"

"Nahesabu mwanga, ndugu yangu."

Nawaomba msimwambie kamwe mtu mwenye mundu kwamba unahesabu mwanga. Aliamini nimetumwa na serikali kuhesabu migomba, ili kesho aje mtu wa kodi, au yule bwana shamba wa kuamuru migomba ing'olewe. Aliita majirani. Wakanizunguka watu saba, kila mmoja anataka kujua nimemhesabia ngapi. Nilieleza habari za Nshamba, mama, milamula, baba mdogo. Mwenye mundu, aliyeitwa Rwiza, akalegea kidogo.

"Kama kweli hicho ni cha picha, nipige basi tuone."

Ningefanyaje? Nilimpiga, mundu mkononi, kifua mbele. Nilikuwa nimekereka kiasi kwamba hata tundu sikuligeuza. Rwiza akasubiri. Majirani wakasubiri.

"Iko wapi?"

"Iko ndani. Mpaka ikasafishwe Bukoba."

"Yaani umechukua sura yangu, umeifungia humo, na kesho unakwenda nayo Nshamba?"

Tulibishana mpaka mke wake akatuita kula. Hapo nakiri, watu wale walinikirimu. Niliandaliwa ndizi na samaki wa ziwani, nikapewa buni za kutafuna, nikatandikiwa mkeka mzuri. Kamera lakini Rwiza aliiweka juu ya kichanja upande wake, akalala chini yake kuilinda sura yake. Asubuhi alinirudishia baada ya kuniandikisha kwenye karatasi kwamba nitamletea picha.

Muleba mpaka Nshamba

Mvua ilininyeshea njia nzima. Niliivalisha kamera koti langu, mimi nikatembea na shati. Nilipokunjua nitazame kama maji yameingia nilikuta mguu wa senene nyuma ya lenzi. Nikautoa kwa ncha ya jani, katikati ya barabara, huku nikiwatukana senene, dereva, muuza vitenge, Rwiza, na zaidi ya wote Ta Ishengoma, maana bila yeye nisingekuwa kwenye tope lile. Picha zilibaki sita.

Mpakani

Mama sikumkuta nyumbani. Alikuwa mpakani, amekaa kwenye mkeka chini ya mlamula wa tatu, ule wenye panda, anamenya ndizi. Jirani aliniambia ndivyo afanyavyo kila siku tangu maneno yaanze. Kumenya kwake, kuchambua maharage kwake, hata kusoma Biblia kwake, amehamishia mpakani, ili anayetaka kukata amkate yeye kwanza. Mama yangu, na magoti yale! Nilimwinamia kumsalimu.

"Umekonda," akasema. "Hicho ndicho kitu chenyewe?"

Mvua ilikuwa imekatika na mwanga ulikuwa mzuri, nikasema nisipoteze muda. Nikapima hatua, nikafungua tundu, nikavuta pumzi, nikapiga mlamula wa kwanza. Picha ilikwenda vizuri, nikajisikia fundi. Mama alikuwa ananitazama.

"Mwanangu, kitu hicho kinaona rangi?"

"Hapana, mama. Picha ni nyeupe na nyeusi."

"Majani mabichi yanakuwa rangi gani?"

"Kijivu."

"Na migomba?"

"Kijivu."

"Na milamula?"

Jumamosi tatu, rula kwenye kifundo, na swali hilo halikunijia hata mara moja. Mimi nilijua milamula ile kwa rangi yake na kwa kuwa nimekulia chini yake. Kwenye karatasi ingekuwa majani ya kijivu ndani ya majani ya kijivu. Nilitamani kuitupa kamera bondeni.

Mama aliingia ndani, akarudi na kitambaa chake cheupe cha kichwani, kile anachovaa siku ya meza ya Bwana tu. Akakiuma kwa meno, akakichana vipande vinne.

"Mama! Hicho si cha ushirika?"

"Mungu anaona rangi. Kinachoshindwa ni kitu chako. Shika upande huu."

Tukafunga kitambaa kwenye kila mlamula. Nikapiga wa kwanza tena, kisha wa pili, kisha ule wa tatu wenye panda. Kwa wa nne upepo uliinuka, kitambaa kikawa kinapepea, na kwa kijilango cha polepole kingetoka moshi mtupu. Mama akasimama pembeni, akakishika ncha kikatulia. Nikapiga. Hiyo ilikuwa ya saba. Nikazungusha, namba nane ikatokea kijidirishani, na kwa mara ya kwanza tangu Bukoba nilicheka.

"Sasa wewe," nikamwambia. "Hii ni yako."

"Mimi? Nipigwe na tope hili?" Lakini alikwenda upesi kuliko nilivyowahi kumwona akienda. Nikasikia maji yakimwagwa na sanduku likifunguliwa.

Ya nane

Ta Ishengoma akaja. Alikuwa amevaa kanzu, koti juu yake, kofia kichwani, fimbo mkononi, viatu vimepakwa mafuta. Habari za kamera zilikuwa zimemfikia.

"Elikana, umefika tangu mchana na hujaja kunisalimu."

Nikamsalimu. Nikamwita baba mdogo. Kinywa kilikuwa kichungu.

"Nataka picha ya kumpelekea Mujuni." Mujuni ni mwanawe, fundi seremala huko Kampala, miaka mingi hajarudi. "Katika barua zote anauliza, je, Tata bado ana nguvu? Nataka anione nimesimama."

"Imebaki moja, baba mdogo, na ni ya mama."

"Mimi si baba yako? Kaka yangu alipokufa nani alibaki kuwa baba yako?"

Mama akatoka. Alikuwa amevaa gauni lake la Krismasi, uso umepakwa mafuta unang'aa, kichwa wazi kwa sababu kitambaa chake kilikuwa kwenye milamula. Alimtazama Ta Ishengoma toka viatu mpaka kofia. Nilingoja amfukuze.

"Utasimama wapi, shemeji?" akamuuliza.

Masikio yangu yaliwaka. Ta Ishengoma alitazama huku na huku. Alikwenda kwanza akasimama nyuma ya jiko la mama, pale anaposema ndipo mpaka wake. Akaweka fimbo sawa. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana, hapa Mujuni ataniuliza nafanya nini jikoni kwa mama yake mkubwa."

Akarudi hatua zote ishirini, mpaka kwenye mlamula wenye panda, nyumba yake ya bati ikawa nyuma yake. Akafungua kitambaa cha mama, akakiachia kikaanguka topeni, akauegemeza mkono kwenye panda. "Hapa ndipo. Hapa atapajua. Ndipo alipokuwa akikaa utotoni kutungoja, tulimkataza kuvuka kuingia kwenu."

Ninyi mnaosoma mmeshasikia alichosema. Mimi sikusikia. Nilikuwa nakitazama kile kitambaa topeni.

"Mpige, mwanangu," akasema mama.

"Mama, ni ya kwako!"

"Nimesema mpige. Na mpige vizuri."

Nilipima hatua. Tundu nane, ishirini na tano. Pumzi niliizuia, si kwa sababu ya Mzee Sefu, bali kwa sababu ningeiachia ningesema maneno ambayo mtu hamwambii baba yake mdogo. Nikabonyeza. Mama akainama, akaokota kitambaa chake, akaenda kuvua gauni.

Nshamba mpaka Bukoba

Niliondoka kesho yake bila kumuaga mama vizuri. Nilimwambia amezoea kukubali, ndiyo maana wanamwonea. Alinifungia ndizi za njiani, nikazichukua bila kumshukuru. Katika hasira zote ninazoziandika hapa, nyingine nilistahili kuwa nazo. Hiyo ya kumkasirikia mama sikustahili, na ndiyo inayoniuma.

Mzee Sefu aliisafisha filamu siku ileile niliyofika. Tulisimama kwenye chumba chake cha giza, taa nyekundu, picha zikitokeza moja moja kwenye maji ya dawa. Ya kwanza, gunia. Ya pili, Rwiza na mundu wake, mweusi kama chungu. Ya tatu ilikuwa majani, akaniuliza mlamula uko wapi, na mimi mwenyewe sikuweza kumwonyesha. Ya nne mpaka ya saba zilikuwa safi, vitambaa vinaonekana vyema.

"Nzuri," akasema Mzee Sefu. "Ni wapi hapa?"

"Mpakani kwa mama."

"Nani atajua? Naona mti umefungwa kitambaa, na migomba. Huyo mtu akisema umeipiga kijiji kingine, tuseme Rubafu?"

Nikakaa kwenye ndoo. Safari yote ile! Na ya nane ikaanza kutokeza, Ta Ishengoma mzima, hata vifungo vya koti unaweza kuvihesabu, hata mabati. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile, na nikaipiga kwa ajili yake! Nikaanza kumsimulia Mzee Sefu ubaya wa mtu yule, alivyodai, alivyosimama jikoni, alivyokataa, alivyosema Mujuni atauliza, alivyokwenda kwenye mlamula akasema hapa atapajua, walimkataza kuvuka...

Mzee Sefu aliacha kulitikisa sinia.

"Hebu rudia hayo maneno, mwalimu."

Sikuyarudia. Nilikuwa nimekwisha kuyasikia. Niliukumbuka uso wa mama alipouliza, "Utasimama wapi, shemeji?" Nikaona haya nikiwa gizani.

Kurudi tena Nshamba

Safari hii lori halikusimama kwa senene wala kwa lubisi. Rwiza nilimshushia picha yake Muleba. Alisema haifanani naye, akaificha kifuani.

Mkungu alikuja siku tuliyokubaliana, akakaribishwa kwa Ta Ishengoma kama ilivyo ada, tukakaa sote kwenye mikeka. Buni za kutafuna zikapitishwa. Niliweka mkono mfukoni nitoe picha za milamula, mama akanishika goti.

"Mpe baba yako yake kwanza."

Nikampa. Ta Ishengoma aliishika kwa mikono miwili. Macho yakamlowa, mtu yule. "Mujuni atafurahi," akasema. "Tazama, mkungu."

Mkungu aliipokea, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. "Umetoka vizuri, waitu, ndugu yetu. Hapa umesimama wapi?"

"Mpakani kwangu," akajibu Ta Ishengoma, bado anatabasamu.

Mkungu alimaliza kutafuna buni yake. Ta Ishengoma alitutazama mmoja mmoja, na tabasamu likamtoka taratibu. Mkungu akaomba picha zangu, akaitafuta yenye mlamula wa panda, akaiweka mkekani kando ya ile ya Ta Ishengoma.

"Mlamula huu ndio huu?"

Ta Ishengoma alikuwa na nafasi ya kukana. Alimtazama mwanawe asiyekuwepo, nadhani, maana aliitazama picha tu.

"Ndio huo."

Basi. Tukatoka, tukatembea na mkungu mlamula kwa mlamula, yeye akiugusa kila mmoja mbele ya majirani kuuthibitisha kuwa mpaka. Ta Ishengoma alibaki mlangoni na picha yake. Hakuirarua. Nimesikia ameshaituma Kampala.

Tuliporudi kwetu nilimwomba mama msamaha. Alisema nile kwanza. Baada ya kula nilimpa picha zote aziangalie, akazipita upesi mpaka akaifikia ya saba, ya mlamula wa nne, upepo ulipoinuka. Pembeni kabisa, pale picha inapokatika, kuna mkono ulioshika ncha ya kitambaa. Sikuwa nimeuona.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Ni mkono tu, mama."

"Wa nani?" Akauweka mkono wake kando ya ule wa kwenye picha, akanionyesha kidole kilichopinda, alichojikata akinimenyea ndizi nikiwa mtoto. "Si mimi huyu?"

Ameibandika ukutani, juu ya kitanda. Majirani wakija anawapeleka chumbani wakamwone, nao wanamwambia ametoka vizuri. Hapa Bukoba nimekwenda dukani mara tatu kuulizia filamu, na mara zote tatu wameniambia meli ijayo. Mara ya tatu niliwapigia kelele mpaka watu wakasimama mlangoni. Msinilaumu kwa hilo. Nilikuwa na picha nane, nikalipiga gunia, nikampiga Rwiza, nikampiga Ta Ishengoma mpaka vifungo vyake, na uso wa mama yangu sinao.